Daraja la meno la mama limetoka baada ya wiki 6, kliniki wanasema kosa ni lake. Twende kwa nani hapa Tanga?

BintiMakorora:
Assalaam aleykum waungwana, na habari za jioni kwa wote.

Mama yangu ana miaka 61, yuko Makorora, anapika vitumbua vya asubuhi. Mwaka jana aling'olewa gego la chini kushoto. Mwezi wa tatu mwaka huu akaenda kliniki moja binafsi hapa mjini (jina nisamehewe, silitaji), akaambiwa pengo litazibwa kwa daraja: meno mawili ya jirani yanachongwa, kisha juu yake yanavikwa meno matatu yaliyoungana. Bei 900,000. Alikuwa na laki tano za kikoba, mimi nikamalizia laki nne kwa simu.

Wiki ya sita akiwa anakula, daraja likatoka zima likamjia mkononi. Tukarudi, daktari akalibandika, likakaa siku nne. Tuliporudi mara ya pili akasema mama anatafuna vitu vigumu, akitaka jipya alipie nusu. Mama akamuuliza, "Mwanangu, uliniambia nisitafunie upande huo?" Hakujibu. Dada wa mapokezi akatuambia tupishe, daktari ana wagonjwa.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni yale meno mawili. Yalikuwa mazima, hayajawahi kumsumbua. Sasa la nyuma limebaki kijiti, maji yakigusa anashika shavu.

Sitaki kumharibia mtu kazi yake. Ninachotafuta ni mtu anayejua meno, asiye wa kliniki wala wa kwetu, amwangalie mama kinywani aseme hapa palikosewa au hapakukosewa, kisha atukalishe pamoja. Yupo mtu wa namna hiyo? Kaka yangu anataka twende polisi. Mama anasema tumwachie Mungu. Risiti tuliyopewa ni kikaratasi cha mkono kimeandikwa "matibabu" tu.

Chumbageni_77:
Pole kwa bi mkubwa. Polisi watawaambia hilo ni la madai, mtapoteza nauli na siku.

MwanaUsagara:
Mshtakini Baraza la Madaktari Tanganyika wamfutie usajili! Hawa wamezoea. Watu wananyamaza ndiyo maana hawakomi.

TabibuKinywa:
Dada, mimi ni tabibu wa kinywa na meno, nipo wilaya nyingine ya mkoa huu. Nianze na jino, kesi baadaye.

Jino lililochongwa limevuliwa gamba lake la nje, ndiyo maana linashtuka na maji. Likikaa wazi muda mrefu litaoza au kiini chake kitakufa, na hapo mtaongeza gharama ya kutibu mzizi. Kwa hiyo asisubiri haki ndipo atibiwe. Lile daraja mlioshe, mliweke kwenye kikopo safi, msilibandike na gundi ya dukani hata siku moja. Nimeshaona fizi iliyoungua kwa gundi hiyo.

Sasa, kwa nini daraja hutoka? Sababu ni nyingi na si zote ni uzembe. Jino linaweza kuwa limechongwa fupi mno likakosa pa kushika. Inawezekana kulikuwa na uozo chini ambao haukusafishwa. Wakati mwingine lilibandikwa mate yakiwa yameingia, au lina urefu uliozidi kidogo, kila akiuma linapigwa. Na wapo wagonjwa wanaosaga meno usingizini bila kujijua. Mimi siwezi kujua ni ipi kwa kusoma hapa, na yeyote atakayekwambia anajua anakudanganya.

Mpeleke Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha kinywa na meno, aende na daraja lenyewe. Usianze kwa kusema "tumeharibiwa". Wataalamu wengi wakisikia ugomvi wa mwenzao hufunga mdomo, na mimi naukubali udhaifu huo wa fani yetu. Omba vitu vitatu kwa maandishi: hali ya kila jino lililochongwa, daraja linakaaje juu yake, na linahitaji nini sasa. Omba na picha ya eksirei. Muhimu sana: hayo yafanyike KABLA hajatengenezewa kitu kingine. Mtaalamu wa pili akishachonga upya, ushahidi wa kazi ya kwanza umekwenda.

MsaidiziWaSheria_Tga:
Namuunga mkono tabibu. Ila nimjibu MwanaUsagara, maana hapa watu wengi hupotea.

Baraza lipo kwa sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na kada shirikishi za afya. Linaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye daftari. Kazi yake ni nidhamu. Halimrudishii mama yako laki tisa. Nimeona watu wakisubiri barua ya Baraza miezi, wakidhani pesa itakuja nayo. Mlango wa adhabu na mlango wa pesa ni miwili tofauti, na mgonjwa wa meno hapa kwetu hana dirisha moja la kumshika mkono kwenye yote mawili. Hilo ni pengo, na linanikera.

Bado Baraza lina faida kwenu. Ulizeni kama aliyemtibu amesajiliwa, na kwa kada gani. Daktari wa meno na tabibu wa meno si kitu kimoja, na mipaka ya kazi zao si sawa. Kuhusu kliniki yenyewe, ofisi ya mganga mkuu wa halmashauri inapokea malalamiko.

Kwa upande wa pesa, andikeni barua kwa mmiliki wa kliniki, si kwa daktari. Ukurasa mmoja: tarehe, kiasi, kilichotokea, na mnachotaka. Mpeni siku 14. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Ombeni pia nakala ya kadi ya mama na picha zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa haki ya kupata taarifa zake mwenyewe.

Risiti isikutie hofu. Ujumbe wa muamala wa simu ni ushahidi, na meseji za WhatsApp na kliniki pia, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Usifute kitu.

Wakikataa, kuna mahakama. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya uzembe miaka 3, kwa hiyo muda mnao. Kesi ya madai Mahakama ya Wilaya nayo hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi. Sisi wasaidizi wa kisheria tunafanya kazi bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: tunaandika barua, tunakaa na pande mbili. Kusimama mahakamani hapana, hilo ni la wakili.

MpanganiUghaibuni:
Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Ulichokiomba, dada, huku kipo. Ukitibiwa meno kwa pesa yako binafsi ukakwama na kliniki, kuna huduma iitwayo Dental Complaints Service. Ilianza 2006, mgonjwa halipi kitu. Inagharimiwa na General Dental Council, yaani baraza lao, ambalo pesa zake hutokana na ada za wataalamu wenyewe. Kwanza wanakutaka ulalamike kwenye kliniki. Ikishindikana wanazungumza na pande zote mbili, mwisho wake huwa kuombwa radhi, kurudishiwa ada, au kliniki kuchangia gharama za kurekebisha. Fidia ya maumivu hawaigusi, wanakwambia hiyo ni ya mahakama.

Nilimpeleka huko rafiki yangu. Kilichomsaidia ni kuulizwa siku ya kwanza kabisa: unataka nini hasa? Alikuwa na hasira, hakuwa na jibu. Basi muulizeni mama swali hilo kabla ya kuandika barua. Kama anataka meno na si pesa, barua iseme meno.

MzeeWaPongwe:
Mwanangu, mimi yangu yalikuwa meno bandia yasiyonikaa. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa wa kliniki ilipo, akamwita mmiliki, tukakaa, yakaisha bila karatasi. Tusiidharau njia hii. Mwenye kliniki naye anaishi na watu.

TabibuKinywa:
Shikamoo mzee. Ni kweli, ila mwenyekiti hajui meno. Wakienda na maandishi ya Bombo mkononi, kikao hicho kina uzito.

BintiMakorora:
Asanteni nyote, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Tulikwenda Bombo. Daktari alikuwa mpole, akaandika bila kumtaja mtu: jino la nyuma fupi, lina uozo chini ya ukingo wa daraja, kiini kimeathirika, litibiwe mzizi kabla ya kuvikwa chochote. La mbele ni zima. Alimwekea dawa na kifuniko cha muda, mama akalala usiku kucha.

Nilimuuliza mama anataka nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nataka nitafune. Na yule kijana aniambie samahani."

Tukaandika hivyo hivyo. Siku ya tisa mmiliki akapiga simu. Tumekaa naye leo, MsaidiziWaSheria akiwa mtu wa kati (Allah akulipe kheri). Daktari alikuja. Alisoma karatasi ya Bombo mara mbili, akamwambia mama, "Nisamehe, hili lilinipita." Mama alimshika mkono.

Mmiliki anasema atarudisha 600,000, na ameleta karatasi ya kusaini kwamba hatutadai tena lolote. Mama yuko tayari kusaini. Nimeomba hadi kesho.

MsaidiziWaSheria_Tga:
Niliwaambia pale na narudia hapa ili wengine wasome: msisaini hivyo ilivyo. Matibabu ya mzizi hayajafanyika, hamjui yatagharimu kiasi gani wala kama jino litapona. Iandikwe kwamba laki sita ni kwa ajili ya daraja, na gharama ya jino la nyuma itabebwa na kliniki, likitibiwa Bombo au mahali atakapochagua mama. Na iwekwe tarehe ya kulipa.

BintiMakorora:
Nimempigia mmiliki sasa hivi. Amekubali la jino liingie, kwa sharti litibiwe Bombo. Kesho saa nne tunaenda na karatasi mpya.

TabibuKinywa:
Alhamdulillah. Mama asitafunie upande huo hadi mzizi ukamilike, na kifuniko cha muda kikitoka arudi Bombo siku hiyo hiyo.