Peli eli kali imegoma kwenye 1.028: niitie kwenye chupa au nisubiri?

MpishiKiloleni, Tabora
Ndugu zangu, naomba msaada. Wiki tatu zilizopita nilipika lita 20 za peli eli kali (bia nzito yenye uchungu wa hopsi, yaani maua machungu yanayotiwa kwenye bia) kwa kilo 5 za kimea cheupe cha shayiri, kilo 1.5 ya kimea cha karameli, na nusu kilo ya kimea cha ulezi nilichokikaanga mwenyewe hadi kikanukia kama karanga. Maji ya kimea yalipima 1.070 kwenye haidromita (kipimo cha uzito wa maji yenye sukari; namba hushuka hamira ikila sukari), nikatia pakiti moja ya hamira ya bia ya gramu 11. Siku ya kwanza povu lilisukuma mfuniko hadi likamwagika sakafuni, siku ya nne likazima, na tangu hapo haidromita haisogei kutoka 1.028. Ukionja, utamu unatangulia kama sharubati na uchungu wa hopsi hausikiki, ingawa nilichemsha saa nzima. Chumba kina nyuzi 29.

MwanaUjiji, Kigoma
Ndugu, usiitie kwenye chupa kwanza. Sukari iliyobaki ikianza kuchacha ndani ya chupa iliyofungwa, gesi huipasua. Niliwahi kuokota vioo hadi uvunguni mwa kitanda.

Kimea cha karameli ndicho ninachokishuku zaidi, kwa kuwa umekitia zaidi ya asilimia 20 ya nafaka yote. Kimea hicho hupashwa joto kikiwa bado kibichi, wanga ukageuka sukari ndani ya punje yenyewe, kisha sukari hiyo ikaungua kidogo wakati wa kukaushwa, na sehemu yake hamira haiwezi kuila. Nafaka maalumu ni kama bizari: nusu kilo ingekutosha. Ulezi wako hauna kosa, ila ukishakaangwa huchangia rangi na harufu tu.

Pakiti moja nayo ni ndogo kwa bia nzito namna hiyo, na katika nyuzi 29 hamira hukimbia mwanzoni kisha ikachoka. Washa pakiti ya pili katika kikombe cha maji ya kimea, ukiona inatoa povu imimine taratibu bila kurusha bia. Ndoo ifunge gunia bichi na uisimamishe ndani ya beseni la maji, kwani hewa kavu ya kiangazi cha Tabora huipoza vizuri kuliko huku kwetu ziwani.

MamaWanzuki, Tabora
Kuhusu uchungu, kumbuka mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na hopsi hutoa uchungu pungufu. Mimi huchemsha dakika 75 hadi 80. Safari ijayo, mwanangu, punguza kilo nzima ya karameli na utie nusu kilo ya asali yetu ya miyombo, kwa sababu asali huchacha karibu yote, na sisi wapika wanzuki, pombe ya asali, tunaijua tabia hiyo.

MpishiKiloleni, Tabora
Shikamoo mama, na ahsante ndugu wa Ujiji. Nilitia hamira ya pili na gunia nalimwagia maji asubuhi na jioni; ndoo imeshuka hadi nyuzi 23. Leo ni siku ya tisa, haidromita inasoma 1.020 na haijasogea kwa siku tatu. Utamu bado upo, lakini sasa harufu ya hopsi inapenya. Nitapima tena baada ya siku tatu, na ikibaki hapo hapo nitaitia kwenye chupa kwa gramu 5 za sukari kwa kila lita.