Woshi imeacha madoa kwenye mabawa, naisafishaje bila kuvunja vijiti?

plastiki72
Wakuu, habari. Naunda modeli ya plastiki ya ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, kipimo cha 1/72. Rangi ya chini ni akriliki isiyong'aa, haina vanishi. Nimepaka woshi (rangi iliyozimuliwa sana, ya kukoleza mistari) ya enameli ya kahawia bawa zima la juu. Mistari ya paneli imetoka vizuri, ila uso wote una ukungu na pete kama za maji yaliyokauka. Pamba ya masikio inaacha nyuzi kwenye nyaya, na kijiti kimoja cha kati kinachoshikilia mabawa kimeanza kulegea. Sasa ni saa tatu tangu nipake. Niendelee au niache?

brashi_bapa
Pamba weka kando. Kosa lako lilianza kabla ya kufuta: rangi isiyong'aa ina uso wa kukwaruza, chembe za woshi zinajichimbia humo. Hutazitoa zote, lakini kwa saa tatu enameli bado inalegezeka.

Chukua brashi bapa laini ya milimita 4 hivi. Ichovye kwenye tapentaini isiyo na harufu, kisha ikamue kwenye tishu mpaka isiache tone ukigusisha ukucha. Vuta mara moja tu, toka ukingo wa mbele wa bawa kwenda wa nyuma, pangusa brashi, rudia. Usisugue huku na huku. Brashi ikilowa sana ndiyo inayozaa pete: tapentaini inasukuma rangi hadi ukingoni mwa tone, na ikikauka inaiacha hapohapo.

Kabla ya yote hayo, gundisha kijiti na ukiache kishike. Ukivuta brashi juu, kidole kikae chini ya bawa, usawa wa kijiti.

nukta_kwa_nukta
Naunga mkono, isipokuwa upande wa chini. Kama ni ndege ya Vita Kuu ya Kwanza yenye injini ya mzunguko (inayozunguka yote pamoja na propela), ukungu wa kahawia kwenye tumbo uache. Injini zile zilirusha mafuta ya nyonyo hovyo.

Safari ijayo usipake bawa zima. Vanishi ya kung'aa tabaka mbili nyembamba, juu ya stika pia, halafu subiri saa 24. Woshi iwe rangi ya mafuta sehemu 1 kwa tapentaini 10. Gusisha ncha ya brashi namba 0 kwenye makutano ya mistari, uiache ijivute yenyewe ndani ya mfereji. Baada ya dakika 20 au 30, ikishafifia mng'ao, ndipo usafishe. Tapentaini isituame kwenye maungio ya plastiki tupu; yaliyobanwa kwa nguvu hupasuka.

plastiki72
Asante. Tapentaini ikikosekana, thina ya selulosi inafaa?

brashi_bapa
Hapana kabisa! Hiyo inayeyusha akriliki, kisha inakula plastiki yenyewe.