Ushauri: Jumamosi ni arobaini ya babu, niwaambie nini watu kuhusu vita ya Kagera?

mjukuu_Temeke: Habari za asubuhi wakuu, na shikamooni wazee mliomo. Jumamosi tuna kisomo cha arobaini ya babu hapa Temeke. Alikuwa mgambo, akapelekwa vita ya Kagera. Nimepewa dakika kumi niwaeleze wajukuu kwa nini tulimshinda Idi Amin wa Uganda, na tunachapa kijitabu chenye picha yake. Wiki nzima sijalala vizuri. Tulishinda kwa sababu gani hasa?

Mto_Kagera: Pole kwa msiba. Anza na ardhi yenyewe. Mpaka wa wakoloni ulifuata mstari, haukufuata mto, ndiyo maana kipande cha kaskazini ya mto Kagera ni chetu. Amin alikivamia Oktoba 1978, na Novemba 1 akatangaza ni cha Uganda, kilomita za mraba kama 1,800. Daraja la Kyaka likavunjwa. Askari wake wakaanza kuswaga ng'ombe na kubeba mali. Hapo ndipo alipojimaliza: jeshi lililokuja kupora likishapata mzigo linawaza kurudi nyumbani. Tena alikuwa ameshawaua maofisa wengi wa Kiacholi na Kilangi, na mwaka huohuo vikosi vyake viliasi. Sisi tulikusanya JWTZ, mgambo, JKT, polisi na magereza, na Waganda waliokimbilia huku wakapigana bega kwa bega nasi.

Bibi_Tausi: Usitusahau tuliobaki Dar. Nilikuwa darasa la tatu. Mabasi na malori yalichukuliwa kupeleka askari, tukawa tunakwenda shule kwa miguu. Mwalimu Nyerere akasema tufunge mikanda miezi 18. Ikapita, na foleni ya sukari ikabaki palepale. Mama alikuwa ananiamsha usiku nikaweke jiwe kwenye mstari wa duka ili lishike nafasi yetu. Vita ile ililiwa na matumbo yetu pia, waambie wajukuu.

Dogo_Tandika: Amin si alitaka amalizane na Mwalimu ulingoni, refa awe Muhammad Ali? Mwalimu angempiga kwa hotuba tu, raundi ya kwanza.

Kungwi_wa_Hoja: Mjukuu, ulichouliza kipo kwenye daftari la mtoto yeyote wa shule. Mtu hakosi usingizi kwa hilo. Umeficha nini?

mjukuu_Temeke: Sijaficha kitu.

Kungwi_wa_Hoja: Basi lala.

mjukuu_Temeke: Sawa, nasema. Baba mdogo ameandika kwenye kijitabu kwamba babu "aliwazuia Walibya Lukaya", yaani askari wa Gaddafi waliokuja kumsaidia Amin, pale Lukaya, Uganda, kwenye barabara ya Kampala. Mimi ndiye niliyerithi daftari la babu. Ameandika mwenyewe: usiku wa Machi 10, 1979, roketi zilipoanza kuja, alitupa begi akakimbilia kwenye kinamasi, akalala humo na maji kifuani. Nyumbani hajui mtu. Na kijitabu nimeshakilipia nusu Kariakoo. Kwa vyovyote si uongo mtupu, Lukaya alikuwepo.

Ustadhi_Mbagala: Marehemu anatajwa kwa mema yake. Choma huo ukurasa, mwombee, yaishe.

mjukuu_Temeke: Kuchoma siwezi, ustadhi. Ni mwandiko wake. Ila watoto wamezoea kumwita shujaa, na tisheti zimeshaandikwa hivyo. Nikinyamaza nimemkosea nani?

Mzalendo78: Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Mgambo gani alikuwa anaandika tarehe kwenye kinamasi? Na babu wa Temeke kafikaje Lukaya? Huyu anatafuta kulichafua jeshi letu. Mods, futeni uzi.

Dogo_Tandika: Chai bila sukari, kama ya Bibi Tausi.

mjukuu_Temeke: Sijasema aliandikia kwenye maji. Aliandika aliporudi, 1980, kwenye daftari la mistari kama analotumia mwanangu sasa shuleni. Alikuwa kibarua wa kiwanda Chang'ombe. Anasema walikuwa brigedi ya 201, wengi mgambo, na siku ile ndiyo mara yao ya kwanza kusikia roketi.

Mto_Kagera: Mzalendo, tulia. Hilo linaingia vizuri kabisa. 201 ilitawanyika usiku ule, wakati roketi nyingi za Walibya zilipita juu bila kuwapata. Kulipopambazuka ikakusanywa, ikashambulia kutoka mbele, na brigedi yetu nyingine, ya 208, ikazunguka ikatokea barabara ya Kampala. Walibya waliletwa nchi wasiyoijua, wakapigana kwenye barabara iliyozungukwa na kinamasi. Baada ya Lukaya njia ya Kampala ikawa wazi, na Aprili 11 ikaanguka. Tofauti ilikuwa pale. Askari wa Amin aliyekimbia hakuwa na wa kumrudisha wala cha kumrudisha. Wetu walikimbia na kesho yake wakawa kwenye mstari. Mjukuu, soma ukurasa wa Machi 11.

Mzalendo78: Ausome basi, tuone.

mjukuu_Temeke: Nimeufungua sasa hivi. Nilikuwa naishia kwenye kinamasi kila mara, kwa aibu. Nanakili kama ulivyo: "Asubuhi tuliitwa kwa majina. Walioitika tukapewa risasi. Begi langu nililikuta barabarani, unga umemwagika. Rafiki yangu wa kiwandani hakuitika."

Bibi_Tausi: Allah amrehemu. Na huyo rafiki.

Ustadhi_Mbagala: Amina. Usichome.

Kungwi_wa_Hoja: Jina la rafiki limo?

mjukuu_Temeke: Limo. Nimempigia mpiga chapa, nimemwambia asimamishe mashine mpaka saa saba. Baba mdogo anapiga simu sasa, ngoja nipokee.