Naombeni ushauri: 2,300,000 itatosha Krismasi Arua na familia?

Mtoto_wa_Maracha (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Leo tarehe 9 na mimi usingizi umekata. Nafanya kazi Kampala, nina mke na watoto watatu. Mwaka huu lazima twende nyumbani Maracha, karibu na Arua, tuondoke tarehe 22 turudi 28. Miaka miwili sijakanyaga huko na mzee ameanza kuuliza kwa watu.

Nina shilingi za Uganda 2,300,000 jumla. Nimepanga hivi: zawadi za wazee na ndugu 500,000, chakula cha sikukuu 300,000, mafuta na vitu vya njiani 500,000, kanisani 50,000. Inayobaki nimeshaipangia. Swali langu ni moja tu: hiyo 500,000 ya zawadi niigaweje na ukoo ni mkubwa? Wazee wanne, shangazi wawili, na vijana hata idadi siijui.

Shangazi_Koboko
Mwanangu, nunua sukari, sabuni ya mche, chumvi na majani ya chai. Basi. Wala usibebe kutoka soko la Kikuubo huko Kampala, Arua sukari ipo, utamlipa kondakta bure kwa ajili ya gunia.

Na nakusihi usimpelekee mama yako chupa ya chai. Mimi ninazo saba. Kila anayetoka Kampala ananiletea chupa ya chai, ina maua, iko kwenye boksi lake. Zimejipanga chini ya kitanda kama askari. Chai yenyewe nakunywa peke yangu, kikombe kimoja asubuhi. Siku moja mtu aniletee nauli ya kwenda kupima presha, nitamwombea mpaka achoke.

Fundi_Kireka
Shangazi hapo juu apewe maua yake. Tena yale ya kwenye chupa.

Hesabu_Kali
Mleta uzi, nimejumlisha. 500 + 300 + 500 + 50 ni 1,350,000. Kuna 950,000 "umeshaipangia". Nilidhani ni nauli. Lakini kama ni nauli, "mafuta" ya nini? Abiria wa basi ananunua mafuta gani, ya kupaka?

Mtoto_wa_Maracha
Ni namna ya kusema tu mkuu. Turudi kwenye zawadi.

Hesabu_Kali
Haturudi.

Mwana_Bombo
Mimi Krismasi si yangu, sisi Wanubi wa Bombo tunasubiri Iddi, ila ugonjwa ni ule ule. Mtu mwaka mzima hapigi simu, siku ya Iddi anafika na mbuzi wa kukopa. Ndugu zangu, kumtembelea mzazi hakuna msimu. Ungekwenda Agosti kwa nauli ya kawaida na kilo mbili za sukari, leo usingekosa usingizi.

Mtoto_wa_Maracha
Agosti sikuwa na nafasi, mzee wangu.

Haya, niseme. Nimekodi gari. Siku sita, kila siku 150,000, na nusu nimeshalipa, yaani 450,000. Msianze kunirukia. Pigeni hesabu ya basi kwanza: mwaka jana jirani yangu alilipa 100,000 kwa kichwa wiki ya Krismasi. Sisi na watoto wanne ni watu sita, kwenda na kurudi ni 1,200,000, tena unashushwa Arua mjini usiku na mizigo, unaanza kutafuta boda ya kwenda kijijini. Gari linanifikisha mlangoni.

Halafu kuna jambo jingine. Mwaka juzi nilimwambia mzee kwamba nimenunua gari.

Fundi_Kireka
HAPO SASA.

Dereva_Mstaafu
Kijana, ngoja nikupe yangu. Mwaka 2019 nilikodi gari la kwenda nalo kwetu upande wa Nebbi. Mkataba ulisema kilomita kadhaa kwa siku, mimi nikaona ni maandishi tu. Siku ya pili Jumapili nimempakia mama, yuko mbele na kitenge kipya, mkoba mapajani, kuku wawili nyuma wa kumpelekea mchungaji. Tunapanda kilima cha kanisa, watu wanatutazama, gari likazima. Zii. Nikawasha, zii. Simu ikaita: "Ndugu, umezidisha kilomita, ongeza pesa tukufungulie." Wamefunga kifaa, wananiona kutoka Kampala kama ninavyokuona wewe! Mama akauliza, "Huyo nani anayefungua gari lako kwa simu?" Nikasema ni fundi. Akasema, "Fundi mzuri sana." Hakusema tena neno mpaka ibada ikaisha. Kuku mmoja alikuwa ameshakata kamba.

Sasa wewe kabla hujafika popote: soma mkataba, kilomita ngapi kwa siku, na nani analipa kioo kikipasuka. Kampala mpaka Arua peke yake ni karibu kilomita 500. Pale Karuma funga vioo, nyani hawana adabu. Na usiendeshe usiku kutoka Karuma kwenda Pakwach, unapita kando ya mbuga, tembo hana taa za nyuma.

Hesabu_Kali
Asante mzee. Naendelea. Kwenda na kurudi kilomita 1,000, ukienda kanisani, sokoni na kumwonyesha kila mtu, sema 1,100. Gari dogo linakula lita moja kwa kilomita 11 hivi, ni lita 100. Lita iko karibu na 5,000. Hiyo 500,000 yako ni mafuta matupu, vya njiani hakuna.

Ila si hilo linalonikera. Mwanzo ulisema watoto WATATU. Sasa ni WANNE. Mtu hasahau idadi ya watoto wake ndani ya saa mbili. Wakuu, huyu anatunga. Desemba iliyopita kulikuwa na uzi kama huu huu, mwenye gari la kukodi alikuwa wa Mbale. Wanakusanya visa hapa wanavipeleka redioni.

Fundi_Kireka
Kweli bwana! Ule wa Mbale nilimwonea huruma nikamtumia hadi namba ya mtu wa mabati.

Mwana_Bombo
Tumpime. Wewe mtu wa Maracha, ukirudi Kampala basi likisimama Pakwach, watu wanakimbilia dirishani na nini?

Mtoto_wa_Maracha
Angara. Samaki wakavu. Mke wangu huwafunga kwa gazeti mara tatu na bado basi zima linanuka mpaka huko kwenu Bombo.

Hesabu_Kali
Hata mtandaoni yamo hayo. Jibu la watoto.

Mtoto_wa_Maracha
Wa nne si wangu wa kumzaa. Ni wa marehemu kaka, nakaa naye. Amefanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwezi uliopita, anasubiri matokeo Januari aingie sekondari. Dada yangu yuko Juba, ndiye anayemsomesha. Ametuma mapema 950,000 za muhula wa kwanza, akaniambia nimtunzie.

Ndiyo, imo kwenye ile 2,300,000. Lakini shule zinafunguliwa Februari. Mwezi wa kwanza kuna pesa naidai kazini, nitarudisha kabla hata barua ya shule haijatoka. Si kwamba nimeila. Nimeizungusha.

Shangazi_Koboko
Mwanangu.

Hesabu_Kali
Kwa hiyo yako wewe ni 1,350,000. Gari 900,000, mafuta 500,000, jumla 1,400,000. Hujanunua hata chumvi ya shangazi na umeshaingia 50,000 kwenye pesa ya yatima. Kama unatunga, umetunga vizuri. Kama ni kweli, ni afadhali ungekuwa unatunga.

Mtoto_wa_Maracha
Mkuu, neno yatima hapana. Anakula kwangu, analala kwangu.

Dereva_Mstaafu
Hakuna aliyesema humlishi. Sikiliza: shule zimeshafungwa. Mkeo na watoto waondoke wiki hii kwa basi, nauli haijapanda, wadogo wapakatwe. Wewe ufuate peke yako tarehe 22, hata ukilipa hiyo 100,000 umelipa moja. Kurudi, subirini msongamano upungue, mke arudi na watoto katikati ya Januari.

Mtoto_wa_Maracha
Na mzee nimwambie gari liko wapi?

Fundi_Kireka
Gereji. Magari yote ya Krismasi yako gereji, sebo.

Shangazi_Koboko
Huyo mzee anajua. Miaka miwili hujawahi kumtumia hata picha ya hilo gari, na wewe ni mtu wa kupiga picha sahani ya wali. Anakusubiri useme mwenyewe. Na huyo mtoto, anajua shangazi yake ametuma pesa?

Mtoto_wa_Maracha
Anajua. Jana ameniuliza kama tunaweza kupita soko la Owino kuangalia sanduku la bati la shule. Nikamwambia tutaenda tukirudi.

*(siku iliyofuata, saa 5 asubuhi)*

Mtoto_wa_Maracha
Nimempigia mwenye gari. Anasema arbuni hairudi, ila nikimletea mteja mwingine wa siku zile zile atanirudishia 350,000. Mke na watoto wanne nimewakatia tiketi za Ijumaa, wawili wanapakatwa. Dada wa Juba sijamwambia kitu na sioni sababu ya kumwambia kwa kuwa pesa yake imerudi yote kwenye simu, isipokuwa 80,000 ambayo nitaijaza.

Hesabu_Kali
Isipokuwa.

Mwana_Bombo
Hilo gari ni aina gani? Linapanda milima? Mimi si wa Krismasi, lakini mkwe wangu wa Kisoro amenialika, na nilishamwambia kitu fulani mwaka jana.