Acheni kumwita mwanangu gurudumu!

Wakuu, leo nimechoka na sifichi.

Mke wangu ni wa Wales, tunaishi Cardiff. Binti yetu tumempa jina la bibi wa mke wangu, Olwen. Nikaliandika kwenye kundi la ukoo herufi moja moja: O-L-W-E-N. Wiki mbili baadaye napokea picha kutoka Tabata. Fulana 20, zimechapwa KARIBU OLWYN. Namuuliza dada, ananijibu: "Kaka, hiyo Y inapendeza, imekaa kizungu zaidi. Si herufi moja tu?"

Herufi moja tu! Kwa Kiwelisi, olwyn ni gurudumu. Mama mkwe alipoiona picha alicheka mpaka akatafuta kiti. Olwen ni unyayo mweupe, msichana wa hadithi ya kale ya huku ambaye kila alipokanyaga paliota maua meupe. Sasa shangazi zangu wote wamevaa "Karibu Gurudumu" na wanapiga selfi.

Na hawako peke yao. Ingia popote watu wanapochagua majina ya watoto, utakuta mtu anapendekeza Carwyn kwa binti. Carwyn ni dume jamani! Carwyn Jones aliongoza serikali ya Wales 2009 hadi 2018. Mwisho wa -wyn ni wa kiume, -wen wa kike: Gwyn mvulana, Gwen msichana. Najua Marekani na Australia wamezoea kuandika Bronwyn kwa wasichana. Wamezoea vibaya. Mke wangu nimemfundisha kusonya, na jina hilo ndilo analolisonyea zaidi.

Amina wako akiandikwa Amin kwenye cheti, utakubali ukiambiwa ni mtindo?

Sikatai kwamba yapo yenye njia mbili. Carys na Cerys yote sawa, yametoka kwenye caru, kupenda. Ila "Kerys" hapana, alfabeti yao haina K. Tena sisi Waswahili ndio tungewaelewa upesi: dd yao ni dh yetu ya dhahabu, na Siân linalowatoa watu jasho ni Shaan tu, basi.

Mchapaji amegoma kurudisha hela, na dada amenuna, anasema nimemdhalilisha mbele ya mawifi. Kuna fundi yeyote Dar anayeweza kugeuza Y iwe E kwenye kitambaa bila kuacha doa?