Mjadala: Muhogo mchungu upigwe marufuku, au tatizo ni haraka zetu?

Mleta mada

Wakuu, hoja ni hii. Wapo wanaotaka muhogo mchungu ukomeshwe kabisa: mbegu zake zisigawiwe kwa wakulima na unga wake usiuzwe sokoni. Wanataja konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliozuka Tarime mwaka 1985, kisha Mtwara na Mbinga kati ya 2001 na 2003, mbali na wale wanaotapika na kufa siku ile ile waliyokula. Upande wa pili unasema ukiung'oa muhogo mchungu umepanda njaa. Tuleteeni vipimo. Habari za "bibi zetu walikula na hawakufa" tuziache nje ya mlango.

Bwana Shamba Kusini

Anayetaka marufuku atujibu kwanza kuhusu nguruwe pori. Shamba lililo kando ya msitu ukipanda muhogo mtamu, unakula wewe, nguruwe, nyani, fuko na mwizi wa usiku. Mchungu hauguswi, kwa sababu lazima ufanyiwe kazi ya siku kadhaa kabla ya kulika, na mwizi hana muda huo. Wakulima wanawake wa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, waliwaambia watafiti jambo hilo hilo: wanaupenda mchungu kwa sababu unajilinda wenyewe. Tena unakaa ardhini mwaka mzima na zaidi, unachimba kadiri ya mahitaji. Ni ghala lisilohitaji kufuli.

Halafu tusijidanganye kwamba mtamu na mchungu ni mimea miwili. Ni mmea mmoja, kinachotofautiana ni wingi wa sumu. Codex, mpango wa kimataifa wa viwango vya chakula, inauita mtamu ule wenye sianidi, ndiyo hiyo sumu, chini ya miligramu 50 kwa kilo ya muhogo mbichi. Mchungu unaweza kufika mia kadhaa, na ipo iliyopita 1,000. Mbegu ile ile ikipigwa na ukame, sumu yake hupanda. Sasa hiyo marufuku utaiandika kwa jina la mbegu au kwa kiasi cha mvua?

Tabibu wa Wilaya

Bwana shamba, nguruwe nimewaelewa. Na wewe waelewe watoto.

Konzo ni neno la Kiyaka, watu wa kusini magharibi mwa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Na ndivyo ilivyo. Mtu analala mzima, kesho miguu yote miwili imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana, au hasimami kabisa. Haiumi, haina homa, na hairudi nyuma. Ulemavu unabaki pale ulipofikia siku za mwanzo. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Msumbiji, mkoa wa Nampula, mwaka 1981 wakati wa ukame walihesabiwa zaidi ya wagonjwa 1,100. Huko wanaiita mantakassa.

Chanzo kina miguu miwili, nao watu husahau wa pili. Wa kwanza ni sianidi nyingi, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Wa pili ni ukosefu wa protini. Mwili hupunguza makali ya sianidi kwa kuiunganisha na salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini tunayokula, hasa samaki, nyama na mayai. Anayekula ugali wa muhogo kwa kisamvu mwezi mzima hana salfa ya kutosha. Ndiyo maana unaikuta konzo kijijini, humkuti mwenye duka pale pale anayekula unga ule ule kwa dagaa.

Msimamo wangu: mbegu zenye sumu kali zisigawiwe na chombo chochote cha umma. Zipo mbadala kama Kiroba.

Mzee wa Vichanja

Nyote mnaizunguka kazi yenyewe. Muhogo hauna sianidi iliyo tayari. Una linamarini, yaani sianidi iliyofungwa pamoja na sukari, na kando yake, kwenye kuta za seli, una kimeng'enya, kichocheo cha kuivunja, kiitwacho linamarase. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukiuponda, ukiukuna au ukiulainisha kwa maji, vinakutana, linamarini inavunjika, na asidi ya sianidi inatoka kama hewa. Asidi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu, kwa hiyo jua la kawaida linaifukuza. Kutoa sumu maana yake ni kuvunja seli na kutoa muda. Mengine ni mbwembwe.

Chukueni hesabu ya makopa yale ya kumenya, kupasua mara mbili na kutupa juu ya bati. Kilo tatu za muhogo mbichi uliomenywa hutoa takribani kilo moja ya makopa. Tuseme una miligramu 120 kwa kilo, uchungu wa wastani tu. Kilo tatu zina 360. Kuanika vipande vizima huacha robo hadi theluthi ya sumu, maana seli nyingi hukauka kabla hazijavunjika. Robo ya 360 ni 90. Kilo ya unga wako ina miligramu 90, na kiwango cha Codex kwa unga wa muhogo ni 10. Umezidi mara tisa, na unga ni mweupe kama pamba, haunuki wala hauwashi ulimi.

Muhogo ule ule ukunwe au upondwe mbichi ndipo uanikwe, kinachobaki ni kati ya asilimia moja na nusu na tatu hivi. Ni miligramu 5 mpaka 11 kwa kilo. Shamba halikubadilika, mbegu haikubadilika.

Jirani wa Soko

Samahani wataalamu, kwani ukichemsha sana si sumu yote inaondoka? Moto unaua kila kitu.

Mzee wa Vichanja

Moto unaua kimeng'enya, ndugu yangu, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Linamarase inakufa kwenye nyuzijoto sabini na kitu, lakini linamarini inastahimili kuchemka. Ukitumbukiza muhogo kwenye maji yanayotokota, umemuua mfanyakazi na mzigo umebaki. Anayechemsha muhogo mtamu aukate vipande vidogo, aanze na maji baridi mengi, asifunike, na maji ayamwage, asiyafanye mchuzi. Mchungu usichemshwe mbichi kabisa.

Bi Mapishi

Nizungumzie yanayoharibika jikoni, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Kuloweka: menya, kata vipande vya urefu wa kidole, zamisha vyote ndani ya maji siku tatu. Wakati wa baridi ni nne au tano. Dalili ya kuwa tayari haipo kwenye kalenda. Kipande kinatakiwa kipondeke kwa vidole na mzizi wa katikati uchomoke wenyewe. Maeneo ya Bandundu kule Kongo, konzo ilifuata pale watu walipofupisha kuloweka ikawa siku moja ili muhogo uwahi lori la wafanyabiashara. Njia ya wazee ilikuwepo, soko likaila siku mbili.

Kuvundika: vipande vinarundikwa na kufunikwa majani siku kadhaa mpaka viote ukungu, kisha vinakwanguliwa na kuanikwa. Ni bora kuliko kuanika tu, lakini bado huacha kama sehemu moja kwa nane mpaka kwa sita. Kwa muhogo mkali haitoshi.

Kulowanisha unga: mbinu hii ilitoka kwa Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, ikajaribiwa huku Mtwara na Msumbiji. Weka unga ndani ya bakuli, usawazishe, tia alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Acha ukirudi kwenye alama. Utandaze kwenye ungo au jamvi safi, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Songa ugali siku hiyo hiyo, usiuweke mpaka kesho maana unachacha. Sumu inapungua mara tatu mpaka sita.

Na kisamvu, tafadhali. Majani yana sumu nyingi kuliko kiazi chenyewe. Kinachotuokoa ni kinu. Twanga hasa mpaka yawe uji, ndipo upike sufuria wazi. Majani yaliyokatwakatwa kwa kisu na kutiwa kwenye maji ya moto ni hadithi ile ile ya kimeng'enya kufa mapema.

Tabibu wa Wilaya

Bi Mapishi, nakushukuru, ila tufanye hesabu ya Mzee mpaka mwisho. Unga wa miligramu 90 ukilowanishwa unashuka kati ya 15 na 30. Bado umezidi 10. Mbinu yako inafaa juu ya unga uliokwisha kutayarishwa vizuri. Haimwokoi mvivu.

Bi Mapishi

Kweli. Ukilowanisha mara ya pili unashuka tena, lakini nakubali, ni kinga ya nyongeza. Faida yake ni moja kubwa: ndiyo hatua pekee anayoweza kuifanya mama aliyenunua unga asioujua ulikotoka.

Tabibu wa Wilaya

Hapo umenifikisha kwenye unga wa kununua. Kasese, Uganda, Septemba 2017: watu walikula ugali wa muhogo kwenye msiba, wakaugua 98, wawili wakafa. Unga ulipopimwa ulizidi kiwango mara nyingi. Kiwango cha kuua kinachotajwa kinaanzia nusu miligramu ya sianidi kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 anafika hapo kwa miligramu saba na nusu. Gramu 150 za unga wa miligramu 80 zina 12. Si zote zitaachiliwa tumboni kwa mara moja, lakini mimi nisingelicheza kamari hiyo.

Dalili huanza ndani ya saa chache: kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, tumbo, pumzi za haraka, kulegea, degedege. Mtu akizidiwa msimpe maziwa wala mafuta ya kupikia, msimlazimishe kutapika kama ameanza kulegea. Mkimbizeni kwenye oksijeni, na mbebe unga uliobaki. Dawa zenyewe, haidroksokobalamini na thiosalfeti ya sodiamu, zahanati nyingi hazina, kwa hiyo mbio ziwe za kwenda hospitali kubwa.

Afisa Maabara

Unga ni muhimu kweli kuubeba. Mwaka 2005, Mabini, kisiwa cha Bohol, Ufilipino, watoto wa shule 27 walikufa baada ya kula vitafunwa vya muhogo. Kila mtu alisema sianidi. Uchunguzi ukakuta dawa ya wadudu ya kundi la kabameti. Tiba yake ni nyingine kabisa. Tusiulaumu muhogo kabla ya kupima.

Na kupima siyo lazima mashine ya mamilioni. Kuna karatasi za pikreti, kemikali ya njano inayobadilika rangi ikikutana na sianidi: gramu 0.1 ya unga kwenye kichupa, karatasi yenye kimeng'enya, maji kidogo, karatasi ya njano inaning'inizwa juu bila kugusa maji, unafunga kizibo. Baada ya saa 16 mpaka 24 kwenye joto la kawaida unalinganisha rangi na chati. Kadiri inavyoelekea kahawia ndivyo sumu ilivyo nyingi. Ulimi usiuamini, sukari ya muhogo huficha uchungu.

Bwana Shamba Kusini

Basi natoa nusu ya hoja yangu. Unga wa jumla upimwe kabla ya kuingia sokoni, sina ubishi. Lakini mbegu muiache, na atakayeigawa aigawe pamoja na mashine ya kukuna. Kumpa mtu mbegu ya kujilinda na nguruwe bila zana ya kuitoa sumu ni kumpa bunduki isiyo na usalama.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyeligusa: maji ya kuloweka na ya kukamulia yasimwagwe kwenye mkondo wala karibu na kisima, yanaua samaki. Na maganda mabichi msiwarushie mbuzi. Ganda lina sumu kuliko nyama ya muhogo. Yakatwekatwe, yakauke kwanza.

Tabibu wa Wilaya

Mimi sijatoa nusu yoyote. Mashine inahitaji mafuta na fundi. Mwezi wa njaa, ghala tupu, watoto wanalia, nani anasubiri siku nne za kuloweka? Konzo haikuzuka Tarime wala Nampula kwa sababu watu hawakujua njia. Ilizuka kwa sababu ukame uliwanyang'anya muda.

Mzee wa Vichanja

Bila mashine, kinu kipo. Ponda mbichi jioni, acha usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa kidogo, kamua asubuhi kwenye gunia chini ya mawe, vunjavunja, tandaza wembamba kwenye kichanja. Jioni ya siku ya pili una unga.

Tabibu wa Wilaya

Kama kuna jua. Na masika?

Bi Mapishi

Masika, loweka mpaka ulainike na usisubiri jua. Wakongo hawaaniki ule wa chikwange, mkate wao wa muhogo: wakishautoa majini wanaukamua, wanautwanga, wanaufunga kwenye majani na kuupika kwa mvuke. Ila siku tatu za maji hazikwepeki, Daktari, hapo umenishinda.