Tupeane uzoefu: siku mtaa ulipoacha kusema "wahuni" na kuanza kusema "watoto wetu"

Mkaazi wa Tandika: Jana, ndani ya daladala ya Gerezani, kijana mmoja alikuwa akisimulia jinsi serikali ya Sheikh Hasina ilivyoanguka tarehe 5 Agosti 2024 kule Bangladesh kwa sababu wanafunzi walikuwa wengi. Mzee aliyeketi jirani yake akamwambia kwamba wingi peke yake ni msongamano, na kwamba Hasina alijiponza siku alipouliza kama nafasi za kazi za serikali, zilizokuwa chanzo cha maandamano, wapewe wajukuu wa Razakari, yaani vibaraka wa Pakistan wa mwaka 1971, kwa kuwa wanafunzi walilichukua tusi lile wakaligeuza wimbo, na wazazi waliokuwa majumbani wakajiona wametukanwa wao. Mzee alishuka Mtoni kwa Azizi Ali kabla sijamuuliza zaidi. Aliyewahi kuwa karibu na tukio la namna hiyo atusimulie watazamaji walikuwa wakisema nini.

Babu wa Magomeni: Mwaka 1964 nilikuwa na umri wa miaka 9. Zanzibar ilikuwa imepinduliwa tarehe 12 Januari, kwa hiyo wanajeshi wa kambi ya Colito walipoasi hapa Dar es Salaam siku 8 baadaye wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, masikio ya watu yalikuwa tayari kusikia kwamba na huku kumekwisha. Rais hakuonekana. Kwa sababu hiyo tu, mtaa wetu uliamini hakuna serikali, na maduka yakavunjwa na watu ambao Ijumaa iliyotangulia tuliswali nao safu moja. Sauti ya Mwalimu iliposikika tena redioni, jirani yetu mmoja alirudisha jora la kitambaa usiku, akaliacha mlangoni kwa mwenyewe.

Kijana wa Sinza: Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, yale yalikuwa maasi ya askari, na mada hii inahusu umma.

Babu wa Magomeni: Marahaba. Hilo jora la kitambaa lilibebwa na askari, mjukuu wangu?

Mama Bidhaa: Mimi nilikuwa Nairobi kufuata mzigo tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni kupinga Muswada wa Fedha. Asubuhi ile mwenye duka ninayenunua kwake alikuwa akigawa maji ya chupa mlangoni, na alijivuna kwamba vijana wale hawana kabila wala kiongozi wa kuhongwa. Kesho yake Rais Ruto alitangaza kwamba hatausaini muswada. Nilirudi mwezi uliofuata nikamkuta mtu yule yule ameweka mageti mapya ya chuma, kwa sababu wezi walikuwa wameanza kujichanganya na waandamanaji, na sasa alikuwa akiomba maandamano yaishe. Madai ya vijana hayakuwa yamebadilika hata kidogo.

Mpitanjia: Hili la maduka ni kweli tupu.

Mwanafunzi wa Zamani: Sikukusudia kuandika, lakini hayo mageti ya Mama Bidhaa yamenirudisha Khartoum, Sudan, nilikokuwa nikisoma. Ghasia zilianza Desemba 2018, mkate ulipopanda kutoka pauni 1 hadi 3, na mji wa Atbara ukawa miongoni mwa ya kwanza kulipuka. Mama mwenye nyumba tuliyopanga, ambaye sote tulimwita Hajja, aliwaita waandamanaji kwa neno lile lile la televisheni: mukharribin, waharibifu. Kisha serikali ikatangaza kwamba wachochezi ni wanafunzi wa Darfur, eneo la magharibi mwa nchi, waliotumwa kuua watu, ikawaonyesha hadharani wakikiri. Ilitarajia kwamba watu wa Khartoum, ambao kwa miaka mingi vita ya Darfur ilikuwa kwao habari ya mbali, wangeogopa na kufunga milango. Badala yake barabara zikajibu kwa kibwagizo ambacho kwa lugha yetu ni hivi: "Ewe mbaguzi mwenye kiburi, nchi nzima ni Darfur!" Hajja alikisikia kikipita chini ya dirisha, akaacha kupepeta mchele. Hakusema neno, lakini tangu jioni ile sikumsikia tena akisema mukharribin.

Tarehe 6 Aprili 2019 umati ulifika mbele ya makao makuu ya jeshi, ukakaa. Nilikwenda siku ya pili, na Hajja akanibebesha sufuria la ful, maharage ya Kisudani, niwapelekee "watoto". Vikosi vya usalama vilipojaribu kuwatawanya kwa risasi, baadhi ya wanajeshi wa vyeo vya chini walisimama upande wa raia. Siku tano baada ya umati kufika, Rais al-Bashir akaondolewa. Tulidhani yamekwisha. Alfajiri ya tarehe 3 Juni uwanja ule ulivamiwa, watu zaidi ya 100 wakauawa, na intaneti ikazimwa. Nililala chini ya kitanda hadi adhuhuri, na Hajja amekaa juu yake akisoma Yasini kwa sauti ili nisisikie milio. Hata hivyo, tarehe 30 Juni, bila intaneti, watu walipashana habari kwa vikaratasi na kwa kugongeana milango, wakajaa barabarani upya.

Mpitanjia: Nimesoma mara mbili. Pole sana, kaka.

Kijana wa Sinza: Simulizi hii inathibitisha hesabu za watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan, waliochunguza harakati 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006, wakaona kwamba zisizotumia silaha zilifaulu kwa asilimia 53, na zenye silaha kwa 26. Anayeshika jiwe anampa mwoga sababu ya kubaki ndani.

Wakili Mstaafu: Basi tufafanulie Bahrain ya mwaka 2011, kijana. Walijaa barabarani bila silaha, wengi mno kwa nchi ndogo kama ile, lakini wakachorwa kuwa ni Washia wanaotumiwa na Iran, na majirani zao wa Kisuni wakaamini. Machi majeshi ya Saudia yakaingia, wakanyamazishwa. Kutoshika jiwe hakukuwasaidia.

Kijana wa Sinza: Huko kulikuwa na majeshi ya nje.

Wakili Mstaafu: Na kila mahali kuna kisingizio.

Binti Kimara: Niseme la hapa bila kumhukumu mtu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na siku zilizofuata, intaneti ilipozimwa na amri ya kutotoka nje kuanza saa 12 jioni, ng'ambo ya barabara yetu walisema walioingia barabarani ni vibaka, upande wetu walisema ni vijana, na kila upande ulikuwa na shangazi aliyepigiwa simu na ndugu wa mtaa mwingine. Intaneti iliporudi sote tuliona picha zile zile. Sikumwona hata mmoja aliyebadili neno lake.

Mkaazi wa Tandika: Ahsante, dada. Naomba tuishie hapo kwa la nyumbani.

Fundi Cherehani: Ushauri wangu ni mwepesi: ukiona muuza maji anagawa bure, serikali ihesabu siku zake, na ukiona amepandisha bei, wewe rudi nyumbani.

Mama Bidhaa: Muuza maji ni mfanyabiashara kama mimi, fundi. Atagawa leo, kesho ataongeza bei ili afidie.

Babu wa Magomeni: Mwanangu uliyekuwa Khartoum, huyo Hajja alikuwa na msimamo gani baadaye?

Mwanafunzi wa Zamani: Tulizungumza mara ya mwisho kabla ya vita iliyoanza huko tarehe 15 Aprili 2023. Nilimuuliza wanaoandamana wakati ule anawaitaje. Akaniuliza bei ya unga Dar es Salaam.